Pedali Inayozama Haibembelezwi

Baadhi ya pikapu zinazopakia mizigo Msimbazi zimewazidi umri vijana wanaozipakia. Uzee wa gari si aibu. Hatari ni dereva anayekanyaga breki mara tatu ndipo gari lisimame, kisha akasema, "Nimeshalizoea."

Pedali hueleza ugonjwa wake. Ikiwa laini kama sponji, aghalabu upepo umeingia katika mabomba. Ikizama taratibu huku mguu umetulia juu yake, wala hapaonekani mvujo, shuku raba za masta silinda. Mafuta ya breki yakipungua kila mara, fundi afungue dramu za nyuma. Akikuta majimaji, silinda ya gurudumu inavuja. Kuongeza mafuta bila kuziba mvujo ni kumfunika mgonjwa shuka na kudai amepona.

Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, hivyo yabadilishwe takriban kila baada ya miaka 2. Yasichanganywe kamwe na oili ya injini, maana huvimbisha raba na kuharibu mfumo mzima. Pedi nazo hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja, gari lisije likavuta upande mmoja.

Lenye dalili hizi lisipakiwe hata gunia moja mpaka litengenezwe. Ujira wa siku moja hupatikana kesho. Mama anayevuka barabara na mwanawe mgongoni hana badala. Mzigo wa mteja ni amana, na roho za wapita njia ni amana kubwa zaidi.