Tahadhari: Sugueni Mapipa Kabla Kirusi Hakijabadilika Tena

Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, sugueni mapipa yenu ya maji wiki hii. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chukueni brashi na sabuni, msugue kuta za ndani, hasa pale maji yanapoishia, kwa maana hapo ndipo mbu wa chikungunya hubandika mayai yake. Ni vijidoa vyeusi ambavyo macho hupita juu yake tu. Yakikauka hayafi, hukaa miezi mingi yakisubiri maji. Siku mkokoteni ukileta mitungi na pipa likajazwa, yanaanguliwa, na baada ya wiki moja au siku kumi mbu wazima wanaruka.

Nimeanza na pipa kwa sababu ndilo lililo mikononi mwetu. Sababu ya kuharakisha imo ndani ya kirusi chenyewe cha chikungunya, mahali padogo pasipofikiwa na darubini ya zahanati.

Kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi 3 Februari 2018, Mombasa ilihesabu wagonjwa 453 wa chikungunya, na 32 kati yao walithibitishwa na maabara. Kaunti ndogo zote sita ziliguswa: Likoni, Kisauni, Changamwe, Jomvu, Nyali na Mvita. Hao ni waliofika kwa daktari. Wangapi walibaki majumbani, vidole havikunjiki, ngazi hazipandiki, wakimeza dawa za malaria?

Hiyo haikuwa mara ya kwanza pwani yetu kupigwa. Mwaka 2004 ugonjwa uliingia Lamu, na watu walipopimwa damu baadaye ilionekana robo tatu yao walikuwa wameambukizwa. Mwaka huohuo ukafika Mombasa. Mwaka 2005 ulikuwa Komoro, kisha Réunion, ambako kufikia 2006 waliougua walipita 260,000, theluthi ya watu wa kisiwa kile. Mwaka 2025 Réunion ilishambuliwa upya, na mwezi Julai Shirika la Afya Duniani likaonya kwamba dalili zinafanana na zile za miaka ishirini iliyopita.

Katika safari ile ya kwanza, ya Lamu hadi Réunion, kirusi kilibadilika. Hapo ndipo ninapoomba usikivu.

Ngozi ya nje ya kirusi cha chikungunya imejengwa kwa protini mbili, E1 na E2, zilizoshikana. E2 ndiyo inayokamata seli ya mtu au ya mbu. E1 ina kitanzi kinachochoma utando wa seli ili kirusi kiingie. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na ukishajikunja, asidi amino zilizokuwa mbalimbali kwenye mnyororo hujikuta jirani. Wanaochunguza protini hupima umbali kati ya atomi za jirani hao. Ukiwa chini ya angstromu nne au tano, huhesabu kwamba zinagusana. Angstromu milioni kumi ndiyo milimita moja. Mwaka 2010 timu ya Félix Rey katika Institut Pasteur, Paris, ilitangaza umbo la E1 na E2 za chikungunya zikiwa pamoja, na tangu hapo mtu anaweza kuonyesha ni asidi amino ipi inaigusa ipi.

Sasa tazama nafasi ya 226 kwenye E1. Kirusi cha Lamu kilikuwa na alanini hapo. Kilichoenea Réunion kikawa na valini. Tofauti ya alanini na valini ni atomi mbili za kaboni na hidrojeni zake, hakuna zaidi. Lakini nafasi hiyo iko ukingoni mwa eneo la kile kitanzi kinachochoma seli, kwa hiyo nyongeza hiyo ndogo iligusa palipo nyeti. Mwaka 2007 Konstantin Tsetsarkin na wenzake huko Galveston, Texas, walithibitisha kwamba badiliko hilo moja linakifanya kirusi kistawi vizuri zaidi ndani ya mbu Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyejaa Réunion. Kirusi kilichotoka pwani yetu kikapata mchukuzi mpya. Mwaka huohuo wa 2007, kikiwa na valini hiyo, kiliwafikia wanakijiji wa kaskazini mwa Italia, watu ambao hawakuwahi hata kuusikia ugonjwa huu.

Na kuna jambo linalonitia hofu zaidi. Huko Asia ukoo mwingine wa kirusi hikihiki uliishi miongo mingi pamoja na mbu yuleyule bila kufaidika naye. Mwaka 2011 watafiti walewale waligundua kizuizi: kwenye nafasi ya 98 ya E1, ukoo ule wa Asia una threonini badala ya alanini. Hiyo ikiwapo, valini ya 226 haikisaidii kirusi kwa lolote. Yaani asidi amino moja ilikuwa imeifunga nyingine mikono. Ndiyo maana kusoma orodha ya mabadiliko moja baada ya jingine, kama jedwali la matokeo ya mpira, ni hatari. Badiliko linaloonekana halina neno linaweza kuwa ndilo linalofungua njia kwa lijalo.

Wapo wanaojifariji kwamba mbu wa Mombasa ni Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, kwa hiyo habari ya Réunion haituhusu. Faraja hiyo haina msingi. Kirusi kilichozuka Mandera mwaka 2016 kilikuwa bado na alanini yake kwenye 226, lakini kilibeba mabadiliko mengine mawili: nafasi ya 211 ya E1 lisini imekuwa glutamati, na nafasi ya 264 ya E2 valini imekuwa alanini. Lisini ina chaji chanya, glutamati ina chaji hasi, kwa hiyo jirani aliyekuwa akivutwa sasa anasukumwa. Watafiti wa India walipoyajaribu mabadiliko hayo mawili kwa pamoja, walikuta kirusi kinastawi zaidi ndani ya Aedes aegypti. Huyo ndiye mbu wa mapipa yetu.

Kila mtu anayeugua na kila mbu anayemng'ata ni nafasi nyingine ya kirusi kujaribu. Ndiyo sababu nasema sasa, kabla wodi hazijajaa.

Kwa waganga wa zahanati na wenye maduka ya dawa nina ombi, tena ombi zito. Mtu akija na homa ya ghafla na maungo yanayomfanya ainame, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, msimpe dawa za malaria ili aondoke tu. Damu yake ichukuliwe mapema. Kirusi hupatikana kwenye damu kwa takriban wiki moja ya mwanzo. Baada ya hapo hubaki kingamwili, ambazo zinasema mtu aliugua lakini hazisemi kirusi kilikuwa na nini kwenye 226 wala 211. Sampuli iliyochelewa imepoteza habari hiyo moja kwa moja.

Na tafadhali, ile sindano ya maumivu. Msimdunge diklofenaki wala kumpa aspirini au ibuprofeni kabla dengi haijaondolewa shakani. Dengi ipo Mombasa, huenezwa na mbu huyuhuyu, na dawa hizo zinaweza kumsababishia mgonjwa wa dengi kutokwa na damu. Parasetamoli na maji ya kutosha ndivyo vinavyofaa katika siku za mwanzo.

Vijana wetu wa vyuo wanaochora miguso ya protini kwenye kompyuta, kazi yenu ina thamani kubwa. Ila hesabu ya miguso hutoa shuku, haitoi ushahidi. Ushahidi hutoka kwa mbu aliyepewa kirusi maabarani. Msiwatangazie watu mitandaoni kwamba aina mpya ya kuua imefika.

Narudi kwa majirani, maana huu ni ugonjwa wa majumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha mlipuko wa Lamu na Mombasa na ukame. Mvua inapokosekana na mifereji ikakauka, watu huhifadhi maji, na maji yakihifadhiwa vibaya mbu huzaliana. Anayeishi Mtongwe au Chaani anajua mfereji unavyoweza kukauka siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo kaunti inapotangaza mgao wa maji, itangaze pamoja na onyo la mbu, na maafisa wa afya wa mitaani wapite nyumba kwa nyumba siku hizohizo. Mwenye gereji Changamwe atoboe au afunike matairi ya malori yaliyolundikwa nje. Pipa lifungwe kitambaa kilichobana, kusiwe na mwanya wowote.

Mbu huyu hung'ata mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya jua kutua, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitukingi. Mtoto mchanga anayelala mchana alale ndani ya chandarua. Mgonjwa wa homa naye alale humo mchana katika wiki ya kwanza, ili mbu asichote kirusi kwake na kukipeleka kwa jirani. Mama mjamzito aliyekaribia kujifungua akipata homa, afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa akijifungua kirusi kikiwa damuni mtoto anaweza kuzaliwa nacho, na watoto hao huugua vibaya sana.

Pipa lisuguliwe kila wiki, na mwenye homa na maungo yanayouma afike kituo cha afya ndani ya siku tano za mwanzo na aombe damu yake ipimwe chikungunya na dengi.