Msuguano Haufundishwi kwa Chaki Peke Yake

Katika mazoezi ya kufundisha, somo la msuguano mara nyingi huanzia na kuishia kwenye ubao wa chaki. Mwalimu huandika kwamba msuguano ni kani izuiayo mwendo, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Sisi twaona kuwa mtoto aliyefundishwa hivyo amepewa maneno, hakupewa elimu.

Mtoto wa Kasoli, wilayani Bariadi, haji shuleni mtupu. Huenda ameona gunia la pamba likisukumwa juu ya ubao ulioegemezwa garini, au jiwe likiwekwa nyuma ya gurudumu la mkokoteni mteremkoni. Lakini huja pia na dhana potofu, kwamba kizito huteleza mapema kuliko chepesi. Dhana hiyo haifutwi na kanuni. Hufutwa na jaribio.

Twaa ubao wa mita 1 na matofali matatu ya aina moja. Wanafunzi waandike kwanza: tofali moja, na mawili yaliyofungwa pamoja, lipi litatangulia kuteleza? Kisha inua ncha ya ubao polepole. Yatateleza katika mwinamo ule ule, au karibu sana, kwa kuwa uzito ukiwa maradufu, kani ivutayo chini huwa maradufu, na uwezo wa msuguano vivyo hivyo. Guillaume Amontons alilieleza jambo hili huko Ufaransa mwaka 1699. Sasa tandika gunia juu ya ubao, nao wataona mwinamo ukibadilika.

Darasa la 7 na wapime. Ncha ikiwa juu sentimita 60, na kitako sentimita 80, kipimo cha msuguano ni 60 ÷ 80, yaani 0.75.

Hapa yafaa tahadhari. Tofali likitulia kwenye mwinamo mdogo, msuguano ni sawa tu na kani ilivutayo chini. Hukua kadiri ubao unavyoinuka, mpaka ufikie kikomo. Hapo ndipo utulivu huvunjika. Asiyeeleza hivyo humwacha mtoto akidhani kwamba kitu kilichotulia hakina kani yoyote.

Wapo watakaosema kuwa muhtasari ni mrefu na maabara hakuna. Twawajibu kwamba jaribio hili lataka kipindi kimoja tu. Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ilidai mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi. Akili hiyo haiamshwi na mwalimu anayetoa jibu kabla ya swali.