Ukurasa wa Vijana: Jicho Likichoka



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wengi hulidharau, na vijana wengi huumia nalo kimya kimya. Ni ule uchovu unaompata mtu katika kazi ya mikono aliyoichagua mwenyewe kwa mapenzi, bila ya kuajiriwa wala kulazimishwa. Jana alikuwa hawezi kulala kwa kuipenda. Leo hata kuitazama hataki. Mshona kofia hupatwa nao, mtunga mashairi hupatwa nao, na katika zama hizi, ambapo kila kijana anatembea na kamera ndani ya simu yake, wapiga picha nao wanapatwa nao sana.

Kijana mmoja katika waliokhitimu chuoni kwetu hapa Tabora ameniletea malalamiko hayo. Mchana husimamia duka la baba yake; jioni, kwa miaka minne mitano, alikuwa mpiga picha. Amezipiga stesheni na soko, amewapiga wapanda baiskeli wenye magunia ya mkaa na watoto siku ya Maulidi. Tangu Mfungo Mosi hakupiga hata moja. Sababu yake ameieleza kwa maneno machache: "Maalim, Tabora nimeimaliza. Kila ninapotazama, naiona picha niliyokwisha kuipiga." Sasa anataka kuiuza kamera yake.

Nasema, na hili ndilo neno langu la mwezi huu: Tabora haikumalizika, wala haitamalizika. Kilichomalizika ni kutazama haraka haraka.

Wenzake wamempa dawa mbili. Mmoja amemwambia anunue kamera bora zaidi. Wa pili amemwambia asafiri, aende Unguja au Ngorongoro, kwenye picha nzuri. Dawa hizi hutuliza kwa mwezi mmoja, kisha maradhi hurejea pale pale. Mgonjwa aliyekosa hamu ya chakula hatibiwi kwa kubadilishiwa sahani.

Kabla sijaendelea, najua wapo watakaouliza juu ya hukumu ya picha. Maulamaa wamekhitalifiana, na kila mtu na amwendee yule anayemwamini kwa ilimu yake. Lakini mmoja wao, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala akaeleza kuwa picha ya kamera si kuumba kitu, bali ni kukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa. Neno hilo lina faida kwa kijana wetu. Ikiwa picha ni kivuli kilichozuiliwa, basi mpiga picha hatakiwi kuzua kitu kutoka kichwani mwake. Kazi yake ni kuwapo, kusubiri na kutazama. Anayelia kwamba hana jipya la kutoa amejitwika mzigo usio wake, kana kwamba yeye ndiye anayeuleta mwanga wa jua.

Sasa nitawapa khabari iliyopita katika njia yetu hii hii ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Usagara na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji.

Mwaka 1860 Waingereza wawili, John Speke na James Grant, walifika Unguja wakitaka kwenda bara kutafuta chimbuko la mto Nili. Grant alikuwa na kamera. Pale Unguja alipiga picha, nazo zimo katika picha za kwanza kabisa za mji ule zilizobaki hata leo. Lakini kamera za siku hizo hazikuwa kama hizi zetu. Mpiga picha alilazimika kuvitengeneza mwenyewe vioo vyake kwa dawa, ndani ya hema dogo lenye giza, na kuvikamilisha humo humo baada ya kupiga. Katika jua la bara, hema lile lilikuwa tanuri. Msafara ulipokuwa Usagara, kabla ya kuivuka Ugogo, Speke aliona kwamba joto lile litamwua mwenzake. Akairudisha kamera pwani pamoja na wagonjwa.

Basi Grant aliendelea na safari akiwa mpiga picha asiye na kamera. Januari 1861 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, wakakaa wiki kadhaa nyumbani kwa Musa Mzuri, mfanya biashara wa Kihindi. Je, Grant alikaa kitako akalia? La. Alishika kalamu na rangi, akachora. Baadaye, alipolala miezi Karagwe kwa maradhi ya mguu, aliendelea kuchora na kukusanya mimea. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, michoro mingi iliyokipamba ilitokana na mkono wa Grant, na kazi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Ipimeni khabari hii. Mwenye kamera hubonyeza mara moja akaondoka, naye akiulizwa baada ya saa moja mlango ulikuwa na mbao ngapi, hajui. Mchoraji hana njia ya mkato. Akitaka kuchora tembe, hana budi kujua paa lake bapa limeshikwa na nini, ukuta umepasuka wapi, na kivuli cha mlango kimelala upande gani. Hana budi kukaa. Grant alipoondokewa na kamera alilazimishwa kukaa, na kukaa ndiko kulikompa kazi. Na tukumbuke kuwa yeye alikuwa mgeni mpita njia. Sisi ni wenyeji. Ikiwa mpita njia alipata ya kutazama hapa kwa wiki kadhaa, mwenyeji anawezaje kupamaliza?

Kwa hivyo, ewe kijana, kabla hujaiuza kamera yako, fanya mambo manne haya.

La kwanza, iweke kamera sandukuni siku saba. Chukua daftari na kalamu ya risasi. Kila siku kaa nusu saa mahali pamoja, stesheni au barazani kwenu, uchore kimoja unachokiona. Michoro itakuwa mibaya, na haidhuru, hapana atakayeiona. Haja yetu ni kulifunza jicho kutulia. Siku ya saba utajikuta unaona vitu ambavyo ulivipita kwa miaka.

La pili, jua saa za kivuli. Jambo hili ulilisoma chuoni, ila hukulitia katika kazi yako. Umefundishwa kusimamisha kijiti na kupima: jua likipinduka ndiyo Adhuhuri, na kivuli kikiwa sawa na kimo cha kijiti, baada ya kutoa kile kivuli cha mchana, ndiyo Alasiri. Tabora iko karibu digrii 5 kusini ya mstari wa Ikweta. Kwa sababu hiyo, mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana husimama juu ya utosi, na kijiti hukosa kivuli. Ukimpiga mtu picha saa hiyo, macho yake hugeuka mashimo meusi, na ukuta mzuri huonekana kama karatasi. Wengi hupiga picha mchana kweupe, kisha husema mji wao hauna sura. Urudie ukuta ule ule baada ya Alasiri, jua linaposhuka, uone jinsi kila ufa na kila alama ya kidole cha fundi inavyojitokeza. Wala usikawie, maana machweo yetu ni mafupi, na Magharibi haikungoji.

La tatu, chagua kitu kimoja, ukifuate mwaka mzima. Nakushauri mwembe. Miembe ya kale, hapa Tabora na kule Ujiji, ndiyo alama ya njia ya misafara ambayo hata mtoto mdogo huiona. Simama mahali pale pale kila mwezi, mara moja tu. Utauona ukichanua maua wakati wa kiangazi, na hewa ikiwa imejaa vumbi na moshi wa nyika. Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, utaona miombo kwa mbali ikitoa majani mapya mekundu kama shaba. Mvua za Novemba zitaosha vumbi. Kisha maembe yataiva, na watoto watafika na mawe yao. Mwisho wa mwaka utakuwa na picha 12 za mti mmoja, na hapana mbili zilizo sawa. Hapo useme tena kuwa Tabora umeimaliza.

La nne, nalo ndilo kubwa, uliza jina. Chagua picha kumi katika maelfu uliyo nayo, uzichapishe kwenye karatasi, uende nazo kwa wazee. Mwoneshe bibi yako nyumba uliyoipiga, umwulize ni ya nani, nani aliijenga, barazani pake walikaa kina nani. Andika nyuma ya kila picha: nani, wapi, lini. Picha isiyo na jina ni yatima. Wenye kuijua wakifa, hakuna wa kuipokea. Na ukitaka kumpiga mtu, umwombe ruhusa. Unavyobisha hodi kabla ya kutia mguu nyumbani kwa watu, bisha hodi na kabla ya kuinua kamera. Akikataa, shukuru uondoke. Huenda maneno mliyosemezana yakakufaa kuliko picha yenyewe.

Msidhani nayasema haya kwa ajili ya kumstarehesha kijana mmoja. Mwaka 2006 nchi yetu iliitia njia hii ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya UNESCO, ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Zimetajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko karibu na mji wetu, na watoto wetu wengi hawajafika. Pale walikaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, mpaka Stanley alipoondoka Machi 14; Livingstone akabaki mpaka Agosti. Mwaka uliofuata watumishi wake waliipitisha maiti yake hapa hapa Unyanyembe wakiipeleka pwani. Chuma na Susi tunawajua kwa majina. Lakini Wanyamwezi kwa maelfu waliobeba pembe na nguo katika njia hii, na watu waliopitishwa humu wamefungwa minyororo, majina yao na sura zao zimekwenda nao, isipokuwa wachache mno. Walioandika waliandika waliyoyataka wao.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya miguu ikanyamaza. Tangu hapo inaondoka kidogo kidogo. Tembe ni udongo, na udongo usiotunzwa hurejea udongo kwa masika machache. Mwembe hukatwa asubuhi moja ili pajengwe kibanda. Na mzee aliyekuwa akijua mtaa fulani umeitwaje jina lake na kwa nini, tunamzika Ijumaa, na Jumamosi hakuna wa kuulizwa. Kijana mwenye kamera ambaye amelitunza jicho lake ni shahidi wa mambo haya. Akiiuza kwa kudhani hakuna la kupiga, mtaa mzima umepoteza shahidi.

Nanyi wazazi, nina neno kwenu. Mtoto wenu akitoka na kamera jioni, msimwambie anapoteza wakati. Akirudi, mwulizeni: "Umeona nini leo?" Akijibu kwa neno moja, mwulizeni tena. Na zile picha za kale mlizozifungia sandukuni, zitoeni mchana mmoja mkae pamoja, mmtajie majina ya waliomo naye ayaandike. Kazi hiyo ni ya saa mbili tu, na haina gharama ila kalamu.

Kwa vijana, kazi ya mwezi huu ni hii: mtu mmoja, mti mmoja, daftari moja. Atakayekwenda kwa mzee na picha kumi na kurejea na majina kumi, na aniletee orodha yake chuoni. Nitapenda kuisoma.

Wabillahi taufiq.