Goma: siku ya kukimbia, kamionete inaokoa watu wangapi?

Alfajiri ya tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru watu watoke katika kartie 10 kati ya 18 za mji wa Goma. Majengo, Mabanga, Bujovu, Virunga, Mapendo na nyingine. Matetemeko yalikuwa hayaishi, nyufa zilikuwa zinaonekana barabarani, na wataalamu waliogopa kwamba moto ulioko chini ya mji unaweza kutoka popote, hata chini ya ziwa. Watu waliambiwa waelekee Sake. Barabara ya Rutshuru lava ilikuwa imeikata.

Kutoka Goma mpaka Sake ni karibu kilometa 25. Siku ya kawaida gari haikawii. Siku ile barabara ilijaa magari, motari, chukudu, mama wenye magodoro kichwani, watoto, mbuzi. Mwenye jipe na mwenye miguu walienda mwendo mmoja. Kuna gari ziliisha mafuta katikati ya njia, na gari moja ikizimika pale, zote za nyuma zinasimama nayo.

Tangu wakati ule, neno la "kutayarisha gari" linasikika sana kwa watu wenye kamionete, na Goma ina kamionete nyingi: za wafanyabiashara, za mashirika, za watu wanaopandisha makala na kushusha viazi. Vijana wanatazama video za Marekani ambako mtu anaijenga kamionete yake kama nyumba: hema juu ya paa, friji, sahani ya jua, mashine ya kuvuta gari kwenye tope, taa kumi mbele. Ni kazi nzuri kutazama. Lakini gari ile imetengenezwa kwa ajili ya familia moja inayokwenda peke yake porini na kungoja huko mpaka mambo yatulie.

Goma haina pori la kukimbilia. Kaskazini kuna mlima wenyewe na mbuga ya Virunga. Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Inabaki magharibi, njia moja, ambayo mji mzima unaitumia saa moja. Kwa hiyo kamionete ya Goma inahitaji kitu kingine kabisa kuliko mbio na nguvu. Inahitaji kuweza kusimama siku nzima katika msongamano, ikiwa na watu wengi nyuma, bila mtu kufa kiu na bila yenyewe kuzima.

Tuanze na mafuta, maana hapo ndipo watu wengi wanaanguka. Shoferi wa Goma amezoea kununua kidogo kidogo, lita tano leo, lita tano kesho, sawa na anavyopata pesa. Inaeleweka. Lakini siku ya hatari vituo vinafungwa au vinapanga mstari mrefu, na ba Kadhafi, wale wauzaji wa bidoni kando ya barabara, wanapandisha bei au wanakimbia na wao. Machini ya mazutu ikiunguruma bila gari kutembea inakula karibu lita moja kwa saa, wakati mwingine zaidi. Mwenye lita nane kwenye tanki ataona Sake kama ana bahati, na kurudi hatarudi. Kanuni ya mashoferi wazoefu ni kutoacha tanki ishuke chini ya nusu. Kwa Hilux, nusu ni karibu lita 35 au 40, ambazo zinatosha kufika Bukavu kwa barabara ya Minova na Kalehe kama njia iko wazi, karibu kilometa 200.

Kuna wanaosema basi tuweke esansi ya akiba nyumbani, bidoni tatu nne chini ya kitanda. Hapana. Goma inajua vizuri jambo hili. Mwaka 2002, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka wakati watu walikuwa wanachota mafuta, na makumi ya watu walikufa pale pale. Katika hesabu ya waliokufa mwaka ule, wa kituo kile nao wamo. Kama akiba ni lazima, iwe mazutu kuliko esansi, iwe katika bidoni ya chuma au ile nzito iliyotengenezwa kwa mafuta, isijazwe mpaka mdomoni, na isipandishwe ndani ya kabina pamoja na watu. Wakati wa kuijaza, iwekwe chini kwenye udongo. Watu wanapenda kuijaza ikiwa juu ya benne yenye plastiki. Hapo umeme mdogo wa msuguano unaweza kuwasha mvuke.

Maji sasa. Mwaka 2021 lava iliharibu mabomba na hifadhi ya maji ya kaskazini ya mji, na waliofika Sake walikuta maji machache kuliko watu. Wengi walikunywa ya ziwa. Katika jimbo ambalo kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa, hilo si jambo dogo. Hesabu ni rahisi: mtu mmoja anataka angalau lita tatu kwa siku za kunywa tu. Watu kumi kwa siku tatu ni lita 90, yaani bidoni tano za lita 20, na kidogo kinabaki cha kupikia uji wa mtoto. Bidoni hizo tano zina uzito wa kilo 100. Kuongeza vidonge vya kusafisha maji, ambavyo havina uzito wowote, kunampa mtu nafasi ya kutumia maji ya ziwa zile zake zikiisha.

Uzito ndio mtego wa kamionete. Nyingi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, za kabina mbili hata chini ya hapo. Watu wazima kumi ni kilo 600 au 700. Ongeza maji, unga, sufuria, na tayari hakuna nafasi ya friji, wala ya godoro la kilo arobaini, wala ya televisheni. Ile picha ya kamionete yenye vitu vinavyofika juu kuliko kabina, na watoto wamekaa juu ya vitu, kila mtu wa Goma ameiona. Resori inavunjika, tairi inapasuka, mtoto anaanguka. Kama kuna kazi moja ya fundi ambayo inastahili pesa, ni kuchomelea vyuma imara pembeni ya benne ili watu wapate pa kushika na shitingi ipate pa kufungwa. Inapita mashine ya kuvuta.

Na tairi. Nusu ya mitaa ya Goma ni mawe ya lava, na mawe yale yanakata mpira kama kisu. Tairi moja ya sekuru haitoshi. Mbili ni vizuri, pamoja na pampu ya mguu na vifaa vya kuziba. Criki bila ubao mnene wa kuweka chini yake ni bure, maana itazama au itateleza. Kamba ndefu, beleshi, kabo za kushtua batri, lita mbili za oile, filtri ya hewa nyingine kwa sababu majivu ya mlima yanaziba ile ya kwanza. Vitu hivi vyote vinaingia katika sanduku moja la chuma lililofungwa kwa boloti. Lisipofungwa, wiki mbili zinatosha, ufunguo wa tairi utakuwa umekopwa na jirani na haujarudi.

Kuna hatari moja ambayo video za Marekani haziwezi kuisema, kwa sababu ni ya hapa: mazuku. Magharibi ya Goma, kando ya ziwa kuelekea Sake, kuna mabonde madogo na mashimo ambamo gesi ya kaboni inatoka ardhini. Haionekani, haina harufu ya kumwamsha mtu. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inakaa chini, hasa usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Mbuzi na watoto wanakufa kwanza kwa sababu wako karibu na udongo. Basi mtu anayetoroka usiku, amechoka, anaona sehemu nzuri iliyoinama kando ya barabara, imefichika, haina upepo, anapaki na familia inalala. Ni sehemu ile ile ya kuogopa. Gari ipaki mahali palipoinuka, penye upepo, hata kama baridi itauma, na mwenyeji wa pale aulizwe kwanza. Na machini isiachwe inaunguruma usiku wakati watu wamelala chini ya shitingi nyuma. Moshi wake nao unaua.

Mambo haya yote yanafaa kwa volkano. Vita ni kitu kingine. Mwezi wa kwanza 2025, M23 walipoingia Goma tarehe 27, Sake ilikuwa imeanguka siku chache mbele. Barabara ambayo mwaka 2021 ilikuwa ya kutokea, safari hii ndiyo vita vilikokuwa vinakuja. Mwenye kamionete iliyojaa mafuta hakuwa na pa kuipeleka. Tena kamionete yenyewe inakuwa hatari: ni gari ambayo kila mwenye silaha anaitamani. Ndiyo sababu kupaka gari rangi ya kaki na kuiwekea vyuma na taa za kijeshi, kama vijana wengine wanavyopenda, ni kujitafutia maneno kwenye bariere. Gari chafu, ya rangi ya kawaida, yenye alama za makala nyuma, inapita kwa urahisi zaidi. Na kwa upande wa mpaka, karti rozi, bima inayokubalika ng'ambo na jetoni za kila mtu viwe katika mfuko mmoja wa plastiki, si katika kabati ambalo ufunguo wake uko na baba aliyekwenda Butembo.

Linabaki swali la nani anapanda. Hapa ndipo maandalizi mengi yanavunjika, na wenye magari hawapendi kulizungumza. Katika avenyu moja ya Majengo kamionete zinaweza kuwa mbili kwa nyumba arobaini. Siku mlima ukiwaka, nyumba arobaini zote zitasimama mbele ya geti. Mwenye gari akikimbia kimya usiku na viti vitupu, atarudi kuishi na nani? Akingoja kila mtu, hataondoka. Mwaka 2021, siku moja tu baada ya mlipuko, UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao na wengine zaidi ya 170 walikuwa wanahofiwa kupotea. Huenda wengi wao walikuwa na majirani wenye kuwajua vizuri, ila hakuna aliyekuwa amepangiwa kuwashika mkono.

Orodha inaweza kuandikwa sasa, wakati hakuna moshi: wazee wasioweza kutembea, wenye mimba, walemavu, watoto wadogo pamoja na mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu. Wenye nguvu wanatembea, na wanajua mapema kwamba watatembea, na mahali gani watakutana na gari. Jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi vinaandikwa kwenye kitambaa na kushonwa ndani ya nguo. Chef wa avenyu anabaki na nakala moja ya orodha, mwenye gari nyingine. Na kwa kuwa mazutu yana bei, nyumba zilizo kwenye orodha zinachanga kila mwezi mafranga kidogo ili tanki ibaki juu ya nusu. Mwenye gari ambaye jirani zake wanamlipia mafuta hawezi tena kusema nafasi imejaa magodoro, na jirani aliyetoa mchango wake ana haki ya kufungua benne Jumapili kuangalia kama bidoni za maji ziko.