Stesheni za TV, tupeni ukurasa wa maneno tu

Tarehe 25 Juni 2025, mamangu alinipigia simu. Alikuwa anaangalia maandamano kwa TV, halafu skrini ikawa giza ghafla. "Uko wapi? Mbona wamezima?" Mimi nilikuwa town, sikujua hata nini kimezimwa.

Mnaikumbuka hiyo siku. Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa kule Limuru, na NTV, KTN na Citizen zikapotea hewani mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha lile agizo. Lakini habari hazikufa, zilihamia mtandaoni. Kwa hivyo nikamwambia mama atulie, nikaingia kwa tovuti ya stesheni moja (sitaitaja) nijue barabara gani iko salama.

Wah! Kwanza tangazo la kamari likafunika kichwa cha habari. Nikatafuta ile X ya kulifunga, ndogo kama punje ya wimbi, nikaibonyeza, ikanipeleka kwa kamari yenyewe. Nikirudi, video ikaanza kujicheza bila kuombwa. Aya ya kwanza sikuifikia. Bando yangu ya mbao iliisha nikiangalia kiduara kikizunguka.

Sasa skizeni. CNN wana ukurasa unaitwa lite.cnn.com. Ni orodha ya vichwa vya habari, ukibonyeza kimoja unapata taarifa, maneno tu. Hakuna picha, hakuna video. Unafunguka hata netiweki ikitambaa kama konokono. Mwaka 2017, kimbunga Irma kikielekea Florida, waliwaelekeza watu huko, maana mtu anayekimbia kimbunga na mtandao mbovu hana haja na mapambo.

Na kabla mnirukie: ndiyo, ni CNN ile ile tuliyoichamba na #SomeoneTellCNN mwaka 2015, walipotuita kitovu cha ugaidi Obama akija. Hiyo sijasahau. Lakini hii wameiweza.

Sisi kimbunga chetu kina tarehe. 25 Juni 2024, siku waandamanaji waliingia Bunge, mtandao ulizorota. Mwaka uliofuata, tarehe hiyo hiyo, TV zikazimwa. Ukurasa mwepesi ungefaa siku zote mbili.

Najua mtasema matangazo ndiyo yanalipa waandishi. Hata mimi nakula kupitia matangazo, bana. Basi yajazeni kwa ule ukurasa mkubwa mpaka mchoke. Huu mwingine ni taarifa zile zile mmeshaandika, mkiziondolea makorokoro. Tangu niache kampasi mwaka wa pili nikaaga waifai ya bure, nahesabu MB kama mtu anavyohesabu sukari mwisho wa mwezi, na najua siko peke yangu. Halafu mnasema vijana hawasomi habari. Mnatufungia mlango na video, kisha mnadai hatukubisha hodi.

Hiyo siku, njia ya kwenda nyumbani nilionyeshwa na mama mboga aliyekuwa anafunga kibanda haraka haraka. Hakuniuliza chochote. Alinyoosha tu kidole: "Pitia huku, kijana wangu, huko mbele kumechafuka."