Akiba ya Moto Isitolewe Katika Jasho Letu



Siku hizi kila kiwanda kina neno jipya ukutani: "Okoa nishati, punguza kaboni." Limebandikwa langoni, limebandikwa juu ya swichi za taa, na bwana meneja hulitaja kila mkutano. Wengi wenu mmeuliza kama neno hili linatuhusu sisi, au ni mambo ya wakubwa na wageni wanaokuja na vyombo vyao vya kupimia.

Jibu la chama chenu ni hili: linatuhusu sana, tena kwa njia mbili. Kwanza, kazi yenyewe ya kuokoa moto na stima hufanywa kwa mikono yetu, wala haifanywi na karatasi ya ukutani. Pili, tusiposimama mapema, akiba hiyo itatafutwa mahali palipo rahisi, yaani katika mishahara yetu, katika saa zetu za kupumzika na katika hesabu ya watu walioajiriwa.

Na tuanze kwa kufahamu jambo lenyewe. Kuni, makaa, dizeli na mafuta mazito yote yana kaboni ndani yake. Yakiungua, kaboni hiyo hupanda angani ikiwa hewa isiyoonekana, nayo huzuia joto la dunia lisitoke kama lilivyokuwa likitoka zamani. Lita moja ya mafuta mazito ya boila hutoa karibu kilo 3 za hewa hiyo. Kuni nazo huitoa, ila miti mipya ikipandwa na kukua huirudisha. Kuni zikikatwa kuliko miti inavyopandwa, hesabu haitimii. Mvua zikiacha majira yake, mkulima huchuma kidogo, kiwanda hupokea kidogo, na kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani. Basi mtu asituambie kuwa habari za hewa ni za watu wenye nafasi.

Lakini ni lazima tujue kaboni hiyo inatoka wapi. Hapa Kenya sehemu kubwa ya stima haitoki katika mafuta. Mvuke wa ardhini pale Olkaria ulianza kutoa stima mwaka 1981, na leo mvuke huo, pamoja na maji ya mto Tana na upepo wa Turkana, ndiyo unaowasha nyumba na viwanda vyetu kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo, katika kiwanda kinachotumia moto, kaboni haiko sana katika taa. Iko chini ya boila na ndani ya tanuri. Karatasi iliyobandikwa juu ya swichi imebandikwa mahali ambapo hasara ni ndogo. Ingebandikwa penye mabomba ya mvuke.

Tutoe mfano wa kiwanda cha chai, kwa kuwa kazi hiyo inajulikana na wengi. Jani bichi ni maji kwa zaidi ya sehemu saba katika kumi. Chai iliyo tayari kutiwa katika mifuko ina maji karibu asilimia 3 tu. Kunyausha, kusaga, kuchachusha na kukausha, yote ni kazi za kulitengeneza jani, lakini moto mwingi unakwenda katika kuyatoa maji hayo. Moto huo unatoka katika boila, na katika viwanda vingi boila hula kuni.

Sasa tazameni kuni zenyewe. Mti uliokatwa jana huweza kuwa nusu maji kwa uzito. Ukipasuliwa na kupangwa chini ya paa kwa miezi kadhaa, upepo ukipita katikati, maji hushuka hadi karibu asilimia 20. Kiwanda kinachonunua kuni mbichi kwa uzito kinanunua maji kwa bei ya kuni. Zikitiwa motoni mbichi, sehemu ya joto huchemsha kwanza maji yaliyomo ndani ya gogo kabla ya kuchemsha maji ya boila. Moshi huwa mweusi, masizi hushika mabomba, na mchochea moto hukohoa usiku kucha. Paa la mabati na mpango mzuri wa kupanga kuni si mtambo wa ajabu kutoka ng'ambo. Ni kazi ya fundi seremala na ya vibarua wenye akili, nao tunao.

Tukitoka katika boila tufuate bomba. Bomba la mvuke lisilovikwa hutoa joto mchana na usiku bila faida ya mtu yeyote, na anayepita karibu nalo huungua mkono. Kisha kuna zile valvu ndogo ambazo kazi yake ni kutoa maji na kuzuia mvuke. Ikiharibika moja ikabaki wazi, mvuke safi hutoka nje kama birika lisilo na kifuniko. Mchochea moto huisikia ikifoka. Karani wa ofisini haisikii.

Tena mvuke ukimaliza kazi yake hugeuka kuwa maji ya moto. Maji hayo yakimwagwa mtaroni, boila italazimika kupasha maji baridi mapya. Mafundi wana kanuni yao: maji yanayoingia katika boila yakiongezeka joto kwa digrii 6, kuni au mafuta hupungua kwa karibu asilimia 1. Yakiingia yakiwa na digrii 80 badala ya 20, hiyo ni tofauti ya digrii 60, yaani karibu sehemu moja katika kumi ya kuni zote. Hesabu hiyo inafaa kufanywa na kila mtu anayeona maji ya moto yakipita katika mtaro wa kiwanda chake.

Mashine za stima nazo zina siri zake. Feni kubwa haili stima kwa kadiri ya mwendo wake tu. Ukipunguza mwendo wa feni kwa sehemu moja katika tano, stima inayoliwa hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo chombo cha kubadili mwendo wa mota, kikitumiwa na mtu anayejua majani yanataka upepo kiasi gani, ni akiba kubwa. Lakini kikitumiwa na mtu asiyejua, majani hayanyauki sawasawa na chai ya siku nzima huharibika. Ndiyo maana tunasema kuwa chombo bila fundi aliyefundishwa ni hasara nyingine.

Wenzetu wa viwanda vya nguo, vya plastiki na vya chupa wanaijua zaidi kompresa ya upepo. Tundu la milimita 3 katika bomba la upepo huweza kula karibu kilowati 3 za stima. Zidisheni kwa saa 24, kisha kwa siku 300, mtapata uniti 21,600 kwa mwaka, zote kwa tundu ambalo ukubwa wake haufiki punje ya mahindi. Katika viwanda visivyotunza mabomba, uvujaji wa namna hii huweza kuchukua sehemu moja katika tano ya upepo wote, au zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Matajiri wengine wanajenga ukuta kila mwezi wanapolipa bili ya stima, kisha wanatuambia kuwa kiwanda hakina pesa ya nyongeza.

Hatusemi kuwa kila kaboni itazuiwa kwa spana na kitambaa. Katika saruji, kwa mfano, zaidi ya nusu ya hewa ya kaboni haitoki katika moto. Inatoka katika jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Hapo dawa ni kuchoma jiwe kidogo na kuchanganya saruji na vitu vingine, kama vile udongo wa volkano ambao nchi yetu inao. Hiyo ni kazi ya wenye elimu ya madini na ya wenye mtaji. Hata kujitengenezea stima ni kazi ya mtaji: viwanda vya chai vya wakulima wadogo vilijenga mtambo wa maji katika mto Gura, Nyeri, ulioanza kazi mwaka 2016. Tunausifu mpango wa namna hiyo. Lakini mwenye kiwanda asikimbilie mtambo mpya wa mamilioni wakati mabomba yake ya zamani yanafoka.

Sheria nayo haikukaa kimya. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliweka kwamba kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka 3, na mwenyewe atekeleze angalau nusu ya akiba iliyoonyeshwa na wakaguzi. Basi tunauliza: ni wangapi kati yetu waliowahi kuiona ripoti ya ukaguzi wa kiwanda chao? Mkaguzi huja siku chache, hupima, huandika, na ripoti hufungiwa kabatini. Aliyesimama mbele ya boila hiyo miaka mingi hakuulizwa neno.

Sasa tufike kwenye jambo linalotukera. Kuna akiba ya haki na kuna akiba ya uongo. Akiba ya haki ni kuziba tundu. Akiba ya uongo ni kuzima feni inayowapoza watu katika chumba cha joto, kupunguza taa mpaka mtu anakatwa kidole na mashine, au kuwaachisha watu wawili na kumpa mmoja kazi ya watatu, kisha kuyaita mambo hayo ulinzi wa mazingira.

Hata kazi ya usiku ni lazima iangaliwe. Tangu Desemba 2017 viwanda vimeweza kupata stima kwa bei nafuu kwa matumizi yanayozidi kiwango fulani katika saa za usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Mpango huo una maana yake: wakati huo nchi imelala na mvuke wa Olkaria haulali. Hatuupingi. Lakini kama mashine zitahamishwa usiku, ni binadamu watakaohama nazo. Mama anayetoka zamu saa nane za usiku atafikaje nyumbani? Nani atalipa gari? Posho ya usiku ni kiasi gani? Nusu ya bei ya stima ikibaki mfukoni mwa tajiri, na hatari yote ya njiani ikawa ya mfanyakazi, huo si mpango, ni dhuluma.

Kuna pia suala la wale watakaopoteza kazi. Boila mpya ikila vumbi la mbao lililogandamizwa badala ya magogo, wapasuaji na wapakiaji wa kuni watakwenda wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka chama na afisa wa kazi wapewe taarifa ya mwezi mmoja kabla ya mtu kupunguzwa kazini, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Hayo ni ya chini kabisa. Sisi tunataka zaidi: mtu afundishwe kazi mpya kabla mtambo mpya haujafungwa.

Kwa hiyo chama kinawaagiza wawakilishi wetu wa kila kiwanda walete mambo haya katika mazungumzo ya mapatano yajayo:

1. Ripoti ya ukaguzi wa nishati isomwe mbele ya kamati ya wafanyakazi na wakubwa, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa.

2. Watu wa boila, wa kompresa na wa mabomba wawe na mjumbe wao katika kamati yoyote ya nishati, na anayeonyesha uvujaji aandikwe jina na ashukuriwe, asiambiwe kuwa anafundisha wakubwa kazi.

3. Sehemu ya pesa inayookolewa iwarudie wafanyakazi kwa kiwango kilichoandikwa katika mapatano.

4. Asiachishwe kazi mtu yeyote kwa jina la kaboni kabla ya kutafutiwa na kufundishwa kazi nyingine.

5. Zamu ikihamishwa usiku, gari na posho vikubaliwe kwanza.

Haya si maneno ya uasi. Mwaka 1962 Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Viwandani, wakaahidiana kushauriana. Kama tulikuwa na haki ya kushauriwa juu ya kazi wakati huo, tunayo haki ya kushauriwa leo juu ya moto unaoendesha kazi hiyo.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwanachama asiyefunga bomba kwa kuwa "si langu" anampa tajiri sababu ya kusema kuwa hatujali. Kuanzia wiki hii kila mmoja aandike mahali anapoona mvuke, maji ya moto au upepo unavuja katika sehemu yake, pamoja na tarehe, ampe mwakilishi wetu wa kiwandani. Tukienda mezani na orodha hiyo mkononi, hakuna atakayetuambia kuwa akiba haipatikani ila kwa kupunguza watu. Tutamwonyesha ilipo, tundu baada ya tundu.

Umoja ni nguvu.

Mhariri