Bi Harusi, Usichague Kasuku kwa Ulimi Wake



Siku hizi kwenye orodha ya vitu vya nyumba mpya, baada ya kitanda, kabati, mazulia na jiko la gesi, nimeanza kuona kitu ambacho zamani hakikuwepo: kasuku. Bi harusi anataka kasuku sebuleni, amkaribishe mgeni na amwite mume kwa jina. Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto. Nashonea maharusi wa huku milimani na wa visiwani, na pia nashona vifuniko vya matundu ya ndege. Wenye ndege wakija kuchukua vifuniko vyao hunieleza raha zao na tabu zao, kwa hiyo hili nalisema kwa kulijua.

Maoni yangu ni haya: kama moyo wako unataka ndege wa jamii ya kasuku, mchukue mpole, mwepesi kuishi naye, aliyezaliwa kwenye tundu. Usimchague kwa ulimi wake, na usikubali hata siku moja atolewe porini kwa ajili yako.

Msemaji ndiye mgumu kuliko wote

Wengi wakisema kasuku wanamkusudia yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kwao ni misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na huku Afrika Mashariki hufika Uganda na pembezoni mwa Kenya na Tanzania. Ni kweli anasema kuliko ndege wengine, kwa sababu ana akili nyingi. Lakini akili hiyo ndiyo mzigo wake. Anataka mtu wa kuwa naye mchana kutwa. Ukimwacha peke yake anachoka moyo, anaanza kujing'oa manyoya mpaka kifua kinabaki kitupu. Anapiga kelele, anauma, na akimpenda mtu mmoja ndani ya nyumba huwaonea wivu waliobaki. Sasa fikiria nyumba ya maharusi wawili, na ndege amemchagua mmoja!

Tena anaishi miaka 40 mpaka 60. Bi harusi wa miaka 22 akimchukua leo, anaweza kumrithisha mjukuu wake.

Halafu kuna sheria. Mwaka 2016, nchi zilizokutana Johannesburg chini ya mkataba wa CITES zilimpandisha kasuku huyu kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa zaidi, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali kwa anayekamata au kufuga mnyama wa porini. Zanzibar ina sheria zake na wenye kuzisimamia, waulize kabla ya kutoa pesa. Mahari isije ikaishia polisi.

Wa kwetu wameshateseka vya kutosha

Utaambiwa, "Basi chukua wa hapa hapa." Nchi yetu ina kasuku wadogo wazuri mno, wale ambao duniani wanaitwa lavubedi. Mmoja ni wa Fischer, mwili kijani, uso rangi ya machungwa, mdomo mwekundu, kwao ni upande wa Serengeti na kusini ya Ziwa Victoria. Uzuri wake ulimponza. Miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani, wakitolewa kwetu na kupelekwa ng'ambo, mpaka idadi yao ikapungua. Pwani yetu na Pemba kuna kasuku wa kijani mwenye kichwa cha kahawia, naye hutaga kwenye mashimo ya miti mikubwa. Anayetaka makinda yake huuvunja mti au hulipanua shimo, na mwaka unaofuata hakuna pa kutaga. Kinda mmoja sebuleni kwako amegharimu kiota kizima.

Na hata yule lavubedi aliyezaliwa kwenye tundu, simsifu kwa anayeanza. Jina lake ni la mapenzi lakini mdomo wake si wa mapenzi. Analilinda tundu lake kwa kuuma, hasa jike akitaka kutaga.

Basi achukue nani?

Mimi nina majina mawili, na wote asili yao ni Australia.

Wa kwanza ni baji, yule mdogo wa kijani na njano au buluu, mwenye mistari mgongoni. Alifikishwa Uingereza mwaka 1840, na tangu hapo amezalishwa kwenye matundu vizazi kwa vizazi, kama kuku wa nyumbani. Msitu haupotezi kitu ukimnunua. Anakula kidogo, sauti yake ni ya kuchekacheka, na akikuuma huumii sana. Dume, ambaye akikomaa kwa kawaida huwa na nyama ya buluu juu ya mdomo, anaweza hata kujifunza maneno machache ukimsemesha kila siku. Anaishi miaka 5 mpaka 10.

Wa pili ni kokatieli, mkubwa kidogo, mwenye kishungi kichwani na mashavu yenye duara la rangi ya machungwa. Huyu ndiye mpole hasa. Anapenda kukaa begani na kukunwa kichwa, na dume hupiga mluzi vizuri. Anaweza kufika miaka 15 au 20, kwa hiyo jipange. Anatoa unga mwingi kwenye manyoya, kwa hiyo nyumba yenye mtu wa pumu imwache.

Kama mchana kutwa uko kazini, chukua wawili wawe wenza. Ndege mmoja kwenye nyumba tupu ni kifungo.

Unaponunua, omba kuona wazazi wake. Tazama mguuni: pete iliyofunga mzima, isiyo na kiungo, huvishwa kinda akiwa na siku chache tu, hivyo ni dalili nzuri kuwa amezaliwa mikononi mwa mfugaji. Ndege anayejigonga kwenye waya kwa woga ukisogea, na muuzaji hana maelezo, mwache.

Mambo ya nyumba yako

Huku Lushoto mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia mpaka mifupani. Tundu lisikae karibu na dirisha wala mlango, na usiku lifunikwe kwa kitambaa kizito cha pamba kinachopitisha hewa, upande mmoja ukiachwa wazi kidogo. Nailoni haifai, ndege akiitafuna inamnasa kucha na koo.

Parachichi, ambalo huku kwetu ni neema ya Mungu, kwa kasuku ni sumu. Hata kipande usimpe. Chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi pia mnyime. Mpe uwele na mtama, mchicha, karoti, pilipili hoho, na tofaa lililotolewa mbegu. Soko letu limejaa vyote hivyo.

Na hili ni lenu hasa, maharusi: udi na ubani. Mapafu ya ndege ni mepesi sana kwa moshi. Ukifukiza chumba, manukato ya kupuliza, jiko la mkaa, hata kikaango kisichoshika chakula kikiungua, vinaweza kumuua. Mtoe kwanza, fukiza, fungua madirisha, halafu mrudishe. Wewe ukijaaliwa ujauzito, kazi ya kusafisha tundu mwachie mwingine, maana vumbi la kinyesi cha kasuku linaweza kubeba ugonjwa wa mapafu.

"Mbona wazee wetu walifuga wa porini?"

Naulizwa hivyo sana, na huongezewa kuwa wa porini ni rahisi. Wazee walifuga, ndiyo, lakini misitu ilikuwa mikubwa na wanaotaka walikuwa wachache. Leo ni kinyume. Na rahisi ya pesa siyo rahisi ya maisha: ndege wa porini huja na hofu na maradhi, na wengi hufa kabla hata hawajafika kwa mnunuzi.

Sisi watu wa Usambara tunao mfano karibu. Kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe ya misitu yetu yenye kivuli. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao. Leo ua hilo liko madirishani dunia nzima na Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Yale ya madirishani yamezalishwa na wakulima wa maua. Hakuna haja ya mtu kuja kung'oa la Amani, na la msituni limebaki adimu linalohitaji kulindwa. Nataka tufanye hivyo hivyo kwa ndege: cha nyumbani kizalishwe nyumbani, cha msituni kibaki msituni.

Dini yetu haijakataza kufuga ndege kwa wema. Tunamjua mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomliwaza kwa upole ndege yule alipokufa. Lakini tunajua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumlisha, na ndege aliyenyang'anywa makinda yake, Mtume akaamuru arudishiwe. Ruhusa ipo, na amana ipo juu yake.

Kwa hiyo dada yangu, kabla ya kumwandika kasuku kwenye orodha, jiulize: nani atambadilishia maji kila asubuhi, hata siku ya fungate? Mume wako ameridhia? Ukisafiri atakaa na nani? Kama majibu huna, usione haya kumfuta. Weka kibakuli cha maji uani, chini ya mti. Watakuja wenyewe, wataimba, na jioni wataruka kwenda kwao.

Allah azijaalie nyumba zenu upole, kwenu na kwa kila kiumbe kilicho chini ya dari zenu. Amin.